Daftari la marehemu baba limejaa majina ya utani: je, inafaa kuyasoma mbele za watu?

Mtoto wa Jogoo (Mtambwe, Pemba)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Baba yetu alifariki ghafla wiki tatu zilizopita. Naandika haya baada ya kushauriana na watu wa nyumbani kwa siku nyingi bila ya kufikia neno moja, na kwa hivyo naomba rai ya watu walio nje ya msiba wetu.

Alikuwa na umri wa miaka 61 na hakuwa mgonjwa. Siku ile alianza kuchuma tangu baada ya sala ya alfajiri, akashuka adhuhuri, akasimamia kazi ya kuchambua mpaka baada ya Isha huku akiwachekesha wachambuaji kama ilivyo desturi yake, kisha akaingia ndani na kusema kwamba kifua kinambana. Gari tuliyoiita ilipofika alikuwa ameshatutoka. Mama anasema kwamba neno lake la mwisho lilikuwa ni kuuliza kama majamvi yamefunikwa.

Kwa kweli hayakufunikwa. Asubuhi yake, tulipokuwa makaburini, mvua ilinyesha, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba nyuma ya nyumba kulikuwa na karafuu za siku mbili zinazongoja jua. Tuliporudi tulizikuta zimezolewa zote na kuingizwa bandani, zimetandazwa juu ya mikeka ya watu ambao hadi leo hatujawajua wote. Nalitaja hili kwa sababu ndilo lililonifanya nianze kuwaza ni watu wangapi waliokuwa wakimhesabu baba kuwa ni wao.

Watu walimwita Jogoo. Kila msimu, akishafika kilele cha mkarafuu wa kwanza kabla jua halijachomoza, alikuwa akiwika kama jogoo mara tatu, na wachumaji waliokuwa bado wamelala walijua kwamba siku imeanza na kwamba anayechelewa atapewa jina jipya. Jina lake la vyeti lilikuwa limesahaulika kiasi kwamba tangazo la kifo liliposomwa redioni wako jamaa wa Kojani na Micheweni walioisikia taarifa ile na wakaendelea na shughuli zao, wakidhani ni mtu mwingine. Walifika siku ya tatu, wakilia na kulaumu.

Alikuwa mtu wa kazi, tena kazi isiyokwisha. Mikarafuu aliyoirithi imo katika eka tatu ambazo babu alipewa baada ya Mapinduzi, na baada ya msimu alihamia kwenye mihogo na mpunga, na kiangazi kikikolea hakukosekana kwenye mchezo wa ng'ombe, ambako wenzake waliingia uwanjani na kipande cha nguo cha kumchokozea fahali, naye akaingia na mwavuli. Alipenda kuwaambia wageni kutoka Unguja kwamba kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu yao na kuiacha ya Pemba kwa sababu upepo nao ulikuwa na akili. Mgeni akikasirika, baba alimkaribisha chakula. Akicheka, alimkaribisha chakula na kumpa mzigo wa karafuu abebe.

Sasa nije kwenye swali langu. Baba ameacha daftari la hesabu za wachumaji wa msimu huu. Humo ameandika pishi walizochuma, siku, kiasi alicholipa na kiasi alichobakisha, kwa uangalifu ambao hata karani wa benki angeuonea wivu. Tatizo ni kwamba hakuna jina hata moja la kweli. Kuna Waziri wa Mvua, Bibi Kipimo, Nusu Saa, Meli Mpya, Kiguru, Mla Embe, Mahkama ya Rufaa na wengine, jumla watu 23, na 14 kati yao bado wanadai. Wengine tunawajua: Bibi Kipimo ni yule mama asiyekubali pishi mpaka karafuu zifanye kilima juu ya kipimo. Wengine hatuwajui kabisa, kwa kuwa wachumaji hutoka vijiji mbalimbali na baba alikuwa mwepesi wa kubadilisha jina la mtu kila alipofanya kituko kipya.

Zaidi ya hayo, baba aliandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa utotoni katika chuo cha Kurani, na mimi nazisoma kwa kusitasita. Jina moja tumelisoma kuwa ni Bubu, na hilo ndilo lililomkasirisha ami yangu, kwa sababu jirani yetu mmoja ni bubu wa kweli na haiwezekani, asema ami, kwamba tusimame mbele ya watu na kumtukana mtu wa Mungu katika hitma ya ndugu yake.

Ami anataka tutangaze tu kwamba anayemdai marehemu na aje, basi. Dada yangu anataka majina yasomwe yote siku ya arobaini, kwa sababu asiyejua kwamba baba alimwandika hawezi kuja kudai, na kwa sababu, kwa maneno yake, kumkumbuka baba bila ya kucheka ni kumkumbuka mtu mwingine. Mimi niko katikati. Nikilifungua daftari nacheka, kisha naona aibu kwamba nimecheka na kaburi halijakauka.

Baba mwenyewe alikuwa akisema kwamba wazee wa kale wa Mtambwe Mkuu walizika fedha zao ardhini, zikaja kufukuliwa mwaka 1984, sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na hakuna ajuaye zilikuwa za nani. Yeye za kwake anaziandika. Ameziandika kweli, na bado hatujui ni za nani.

Je, inafaa tuyasome?

Mwalimu Mstaafu (Chake Chake)

Wa aleikum salaam. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu na awape subira, na kwa namna ya pekee mama yenu aliyemo katika eda.

Mwanangu, umechanganya mambo mawili na ni vyema uyatenganishe. La kwanza ni deni, nalo halina mjadala. Mali ya maiti hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wosia usiozidi thuluthi, na ndipo warithi wanapogawana kilichobakia. Ujira wa mchumaji ni deni kama deni jingine lolote. Kwa hiyo sioni kwa nini mnaingoja arobaini. Arobaini ni desturi yetu, na deni halikuwekewa arobaini. Kama karafuu zilizookolewa na majirani zimeshakauka, zipelekeni kituoni mkaziuze na muanze kulipa wale mnaowajua kesho asubuhi.

La pili ni majina. Ami yako ana hoja, na usimwone kuwa ni mtu mkavu. Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 11, tumekatazwa kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Lakini katazo hilo ni la jina linalomuumiza mtu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwita Anas kwa utani "ewe mwenye masikio mawili", na alimkuta Sayyidna Ali amelala msikitini, mgongo umejaa vumbi, akamwita Abu Turab, yaani baba wa udongo, na imepokewa kwamba hakuna jina alilolipenda Ali kuliko hilo. Abu Huraira naye tunamjua wote kwa jina la paka wake, na ni wachache barazani wanaoweza kukutajia jina alilopewa na wazazi wake. Mizani, basi, anayo mwenye jina. Kama analipenda ni zawadi, na kama analichukia ni dhulma, hata kama kijiji kizima kinacheka.

Sasa kuhusu huyo Bubu. Nilisomesha kwa miaka mingi na nimezisoma barua nyingi za wazee zilizoandikwa kwa herufi hizo. Wengi wao hawakuwa na herufi ya peke yake kwa sauti ya "p". Waliandika kwa "b". Na sauti za "u" na "o" zote mbili waliziandika kwa namna moja. Kwa hiyo neno ulilolisoma "Bubu" linaweza kabisa kuwa "Popo". Ulizeni kama kuna mchumaji aliyekuwa na tabia ya kuja kazini magharibi, au aliyependa kuning'inia katika matawi kichwa chini. Na mkiwa na majina mengine yanayowatia mashaka, rudieni kuyasoma kwa namna hiyo kabla hamjamdhania marehemu ubaya ambao hakuukusudia.

Kuhusu kucheka, sitakupa fatwa. Nitasema tu kwamba nimehudhuria hitma nyingi ambazo marehemu alisifiwa kwa sifa zinazomfaa kila mtu: alikuwa mcha Mungu, alikuwa mkarimu, aliishi vizuri na jirani zake. Ukitoka hapo huna hata alama moja ya kumtofautisha na maiti wa wiki iliyopita.

Bint Mkoani

Poleni sana kaka yangu. Nimeisoma habari yako mara mbili na nimelazimika kuacha kazi niliyokuwa nikiifanya.

Baba yangu alikuwa hamali wa bandarini hapa Mkoani. Alibeba magunia, vitanda, majokofu, mbuzi, na mara moja alibeba bibi harusi aliyekuwa amezidiwa na kichefuchefu cha bahari. Abiria waliposhuka kutoka Unguja, nyuso zimewapauka kwa mawimbi ya mkondo, yeye aliwapokea ngazini kwa sauti kubwa akisema, "Karibuni nchi kavu, hapa sakafu haitembei!" Watu waliokuwa karibu kutapika walicheka, na waliocheka walimpa mzigo. Nilipokuwa mdogo nilidhani kwamba baba anachekesha kisha anabeba. Nimekuja kufahamu ukubwani kwamba kule kuchekesha kulikuwa ni sehemu ya kubeba, kwa sababu mzigo wa kilo 80 haupandi mgongoni kwa mtu aliyenuna.

Alifariki mwaka wa tano sasa, mchana, akiwa ameketi juu ya gari lake la mkono akingoja meli. Nasi tulifanya kile anachokitaka ami yako. Kwa heshima, tuliyafunga mambo yake yote ya kuchekesha, tukamzungumza kwa sauti ya chini tu, na kila mtoto aliyeanza kuiga ile sauti yake ya ngazini alitulizwa. Matokeo yake ni kwamba wanangu wanamjua babu yao kama picha iliyo ukutani, mtu aliyevaa kanzu na kofia akitazama mbele bila ya kutabasamu, na siku nilipojaribu kuwasimulia kisa cha bibi harusi niligundua kwamba nusu yake nimeshaisahau. Sikumbuki bibi harusi huyo alikuwa anatoka wapi, wala maneno baba aliyomwambia bwana harusi. Dada yangu mkubwa aliyajua, naye hatuko naye tena.

Kwa hiyo kabla ya kuamua kusoma au kutosoma, nakuomba ukae na daftari hilo pamoja na mtu anayejua, na uandike kando ya kila jina kisa chake. Na mtu huyo, kwa maoni yangu, ni mama yako. Nimeona umemtaja mara moja tu, akieleza neno la mwisho la baba. Wanawake ndio tunaokaa kwenye jamvi la kuchambua usiku kucha tukitenga karafuu na makonyo, na hakuna jina linalozaliwa hapo bila ya sisi kulisikia. Mnamwacha ndani na eda yake kama kwamba amezikwa naye, ilhali huenda majina yote 14 anayo.

Kuhusu aibu ya kucheka, mimi nilicheka siku ile ile. Kofia ya baba ilipoletwa kutoka bandarini tulikuta ndani yake ameficha kashata tatu. Nilicheka, kisha nikalia, na sikuweza kusema kipi kilianza.

Mchumaji wa Zamani (Unguja)

Ndugu, Mungu amrehemu baba yako. Nitasema jambo ambalo huenda lisikufurahishe, lakini umeuliza.

Mimi nilikuwa nikivuka kuja Pemba kuchuma katika miaka ya themanini, nikiwa kijana, tukilala kwenye mabanda ya karafuu na kulipwa kwa pishi. Nimepanda mikarafuu ambayo ukifika juu unaiona bahari pande mbili. Nilifanya kazi kwa wenye mashamba wa kila aina, na mmoja wao alikuwa mcheshi kama unavyomweleza mzee wako. Aliniita Kamba Mbovu, kwa sababu siku yangu ya kwanza nilifungia tawi kwa kamba iliyokatika na nikaning'inia kwa ngoeko, ule mti wenye ndoano wa kuvutia matawi, mpaka wenzangu walipokuja kunishusha. Kila mtu alicheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa na umri wa miaka 17, sina nauli ya kurudi kwetu, na aliyenipa jina ndiye aliyekuwa na pesa zangu mfukoni. Ungenitarajia nifanye nini?

Simaanishi kwamba alikuwa mtu mbaya. Alinilipa kila senti, na nilipougua homa mkewe aliniuguza. Lakini kicheko cha anayelipa na kicheko cha anayelipwa vinasikika sawa kwa mtu aliye mbali tu.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba msiyasome hadharani. Si kwa ajili ya heshima ya maiti, kwani mzee wako ameshaondoka na hawezi kutahayari. Ni kwa ajili ya yule atakayetakiwa asimame mbele ya kijiji, mbele ya wakwe zake labda, aseme "Kiguru ni mimi" ndipo apewe haki yake. Nendeni kwake nyumbani, mkamlipe na muulize jina lake. Mwalimu ameeleza vizuri kwamba mizani anayo mwenye jina. Basi kamuulizeni mwenye jina kabla ya kucheka.

Mtoto wa Jogoo (Mtambwe, Pemba)

Shikamoo mwalimu, na ahsanteni nyote. Nimechelewa kujibu kwa sababu tumekuwa tukitembea.

Niliyasoma maneno yenu mbele ya ami na dada. Ami aliposikia habari ya "p" na "b" alinyamaza kwa muda, akaniomba daftari, akavaa miwani, akasema polepole: "Popo." Kisha akatutajia mtu, kijana wa upande wa Ole ambaye mchana alifanya kazi ya kupaka rangi na jioni akaja kuchambua mpaka usiku wa manane. Tumempata. Alipoambiwa kwamba tulikuwa tukimsoma Bubu alicheka hadi akakaa chini, akasema afadhali Popo, kwani popo angalau ana mabawa.

Tuliamua kwenda nyumba kwa nyumba, kama alivyoshauri kaka wa Unguja. Dada hakupenda mwanzoni, lakini baada ya nyumba ya pili hakutaka tena kurudi. Kila tulipolipa, mtu alitupa kisa. Waziri wa Mvua alitueleza kwamba kwa misimu mitatu mfululizo aliapa kwamba hakutanyesha, na kila alipoapa mvua ilikuja, mpaka baba akawa anamuuliza kwanza, akishaambiwa hakuna mvua anaamuru majamvi yakunjwe. Nusu Saa ni mzee anayeishi mbali, ambaye tangu mwaka juzi amekuwa akijibu kila anapoitwa kwamba baada ya nusu saa atakuwa amefika. Tulimpigia simu, na akasema tumngoje nusu saa. Tulimngoja mpaka Alasiri. Meli Mpya ni mama mmoja aliyekuja kazini akiwa amevaa viatu vilivyopiga kelele.

Na sasa niseme kuhusu Kiguru, kwa kuwa kaka wa Unguja alilichagua jina hilo bila ya kujua. Mimi nililiandika hapa katika orodha pamoja na mengine, nikicheka. Mtu huyo anaishi upande wa pili wa bonde. Aliwahi kuanguka kutoka kwenye mkarafuu, si wa kwetu, zamani, na mguu wake haukunyooka tena. Kazi anayoifanya ni kuanika na kupepeta. Tulimhesabia pesa zake akazipokea, tukamuuliza kuhusu jina. Alisema, bila ya hasira, kwamba baba yetu alikuwa mtu wa kwanza kumpa kazi baada ya ajali ile wakati wengine walimwona hafai, na kwamba alimpenda, na kwamba jina lile hakulipenda hata siku moja. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia. Akajibu kwamba alikuwa akingoja msimu uishe ili amwambie vizuri, wakiwa wawili peke yao, na msimu haukuisha.

Sikuwa na neno la kumjibu. Nilimwomba radhi kwa niaba ya baba, naye akasema amemsamehe na kwamba nisilifanye kuwa kubwa. Nilitoa kalamu pale pale, nikalifuta lile jina, nikamuuliza jina lake na kuliandika kwa herufi zile zile za baba, vibaya, na yeye akanisahihisha. Njiani kurudi dada alisema kwamba sasa hatujui kama baba alikuwa mtu mwema kama tulivyodhani. Mimi nimeona kinyume chake. Yule aliyempa kazi na yule aliyempa jina ni mtu mmoja, na kama nitamtaja siku ya hitma basi nitamtaja huyo. Ami bado hajakubali kwamba nitaje lolote la kuchekesha siku hiyo, ila jana usiku nilimsikia barazani akiwasimulia wenzake kisa cha mwavuli na fahali, na alikiongeza chumvi kuliko hata baba.

Kwa ufupi, tumeshalipa 13 kati ya 14.

Bint Mkoani

Alhamdulillahi. Na wa kumi na nne ni nani? Na mama ulimuuliza, au bado mnamzunguka?

Mtoto wa Jogoo (Mtambwe, Pemba)

Nilimuuliza, dada yangu, na ulikuwa na haki ya kutugombeza. Majina yote alikuwa nayo. Tungelimuuliza siku ya kwanza tusingelitembea, ingawa sasa sijuti kutembea.

Jina lililobakia lilikuwa ni Mahkama ya Rufaa, ambaye hakuwa na pishi hata moja mbele yake, ila deni la shilingi 60,000 tu lililoandikwa mwanzoni mwa msimu. Tulidhani ni wakili, au mtu wa serikali. Nilipomsomea mama, alinyamaza, akavuta mtandio wake usoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe sisi watoto, kila baba alipotukatalia jambo, tulikuwa tukikimbilia jikoni kwa mama, na mara nyingi hukumu ilibadilishwa. Pesa zile zilikuwa ni za mchezo wake wa kutunziana pesa na wenziwe. Alimkopesha baba anunue majamvi mapya.

Nilizitoa shilingi 60,000 nikamwekea. Alizihesabu, kwani mama hakuwahi kupokea pesa bila ya kuzihesabu, akazifunga kwenye pindo la kanga. Nikachukua kalamu ili nilikate jina kama nilivyoyakata mengine yaliyolipwa. Akanishika mkono.

"Pesa nimezipokea," akasema, "lakini jina usilikate. Andika chini yake kwamba shauri linaendelea."